Mlango wa Duka la Mfano

Leo nimeadhirika, tena mchana kweupe. Aliyeniadhiri ni mlango.

Kwa wasiojua kazi yangu: kuna mji mpya unajengwa nje kidogo ya Kilifi, nyumba, ofisi na maduka pamoja, na mimi ndiye niliyepanga maduka yakae wapi. Niliyaweka ndani kabisa, katikati ya nyumba, ili watu wakitoka makwao wayafikie kwa miguu. Bosi wangu, Bwana Charo, alitaka yakae karibu na geti, kando ya barabara kuu. Tukabishana wiki nzima. Mwishowe akaniambia, "Riziki, nipatie mfanyabiashara mmoja wa maana atakayekubali kukaa huko ndani, nami nitanyamaza."

Nikampata. Mzee Jayanti wa Malindi, muuza vyombo vya jikoni. Hakuna nyumba kwetu Mambrui isiyokuwa na sufuria yake. Akihamia yeye, wenye maduka madogo watamfuata, na ramani yangu itapona.

Leo asubuhi akaja na mkewe, Mama Hansa. Nikawaamkia shikamoo zangu mbili kwa adabu, nikawapeleka duka la mfano, la mwisho kabisa mtaani. Nilivaa suti ya rangi ya maziwa. (Kwenye eneo la ujenzi. Msiniulize.)

Mzee alilipenda. Alipapasa rafu, akasimama penye kaunta kama tayari anauza. Mama Hansa yeye alitazama nje.

"Na watu?" akauliza.

"Watapita hapa kutwa, mama. Nyumba zote hizi njia yao ni hii."

"Na wezi?"

Hapo nikafurahi, maana jibu nilikuwa nalo. Mlango wa duka hilo ni shata, yale mabati ya kujikunja, na unashuka kwa rimoti. Nikawaambia waingie ndani kabisa waone. Nikabonyeza. Shata ikaanza kushuka polepole, bila kelele, kwa heshima zake.

"Mwizi hapiti hapa," nikasema. "Ikishafunga, imefunga."

Ikabaki nafasi ya shubiri moja hivi kutoka sakafuni, stima ikakatika. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, wakazima jenereta. Nikabonyeza rimoti. Nikaibonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba tatizo ni kidole.

"Mlango huu hauna mkono wa chuma wa kuuzungushia?" Mzee Jayanti akauliza.

Upo. Uko ofisini. Niliufungia kabatini mwenyewe, usije ukapotea.

Simu yangu, yenye namba za kila mtu, nilikuwa nimeiacha garini. Mzee akatoa yake, akampigia nduguye aliyebaki Malindi.

"Nimefungiwa dukani," akasema.

Ndugu yule sauti yake ilikuwa kubwa, sote tukamsikia. "Duka gani? Mbona dukani nipo mimi?"

Tukaona tupige namba ya ofisi iliyo kwenye lile bango kubwa la mji. Mama Hansa alikuwa ameinakili. Akapiga. Tukaisikia ikilia kule garini. (Namba ya bangoni ni yangu, na kwa kiwewe nilikuwa nimesahau. Niliiomba mwenyewe, nikaona ni cheo.)

Basi tukaita. Mzee akaita, mimi nikaita, tukagonga mabati. Kimya. Upepo tu, na karatasi ya saruji ikipeperuka. Mama Hansa akavuta ndoo ya rangi, akaifunika kwa leso yake, akaketi.

"Binti," akasema kwa upole kabisa, "wale watu wa kutwa wamekwenda wapi?"

Nikaamua kutoka. Mimi ndiye mwembamba kuliko wao wawili, au ndivyo nilivyoamini mpaka leo. Nikalala kifudifudi na suti yangu, nikajipenyeza chini ya shata. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Nyonga zikagoma.

"Toa pumzi," Mama Hansa akaniambia kutoka ndani, akinisukuma miguu.

"Nimeshatoa."

"Toa nyingine."

Hapo ndipo nilipoona viatu. Viatu vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, na nyuma yake viatu vya wageni. Juu yake nikasikia sauti ya Bwana Charo: "Na hapa, mabwana, ndipo duka letu la mfa..."

Viatu vikasimama.

"Riziki?"

"Naam, bosi."

"Unafanya nini hapo chini?"

Mama Hansa akanijibia toka ndani.

"Anatafuta wateja."

Mgeni mmoja alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ule mkono ukafuatwa ofisini, mafundi nao wakarudi, wakaitana. Shata ilipopanda, mtaa ulikuwa umejaa. Wengine walikuwa na sahani zao mikononi, wanakula huku wananitazama.

Mzee Jayanti akawaangalia wote, akasema, "Kumbe watu wapo."

Nilidhani wataondoka bila kuaga. Lakini Mama Hansa alinipangusa vumbi mgongoni kwanza, ndipo akamgeukia Bwana Charo. "Tutachukua duka, lakini la getini. Huku ndani mtuite siku nyumba hizi zikiwa na watu." Kisha akaniangalia mimi. "Na utuite wewe, si mwingine. Wewe umetoka jasho."

Bwana Charo hakunitania hata neno. Alingoja wageni waondoke, akaniambia nichore upya, maduka yaanzie getini yaingie ndani kadiri watu wanavyohamia. Nilitaka kubisha. Nikakumbuka alivyoniona, nikasema sawa.

Basi ndiyo hayo. Mkicheka, chekeni polepole. Kiuno bado kinauma.