Kifo cha Mhunzi Fuawe kwa Amri ya Toleo la Tano

Jumamosi ile Mzigo Mpya alitoka dukani kwake na simu mkononi, uso umekunjuka kama aliyeletewa habari ya mjukuu. Sisi tulishakaa kwenye benchi letu hapa Mafinga, mbele ya duka lake la madaftari, malori ya mbao yakipita na kutukata maneno. Jina lake hasa ni Nadeem, lakini hajawahi kumsalimia mtu bila kuongeza kwamba mzigo mpya umeingia, tukambatiza hivyo.

"Kamwene, wanyalukolo," akatusalimia kwa Kihehe kama ndugu zake. "Kampuni imetangaza. Nchi ya Ukungu inatoka toleo la tano."

Kwa asiyetujua, Nchi ya Ukungu ni mchezo wa mezani. Kuna kitabu cha sheria, kuna kete, na kuna maneno mengi. Mmoja anasimulia, waliobaki kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na kete ndizo zinazosema kama mtu wako amevuka mto au amebebwa na maji. Tunaucheza miaka sasa, watu wazima na ndevu zetu, na anayetaka kucheka aje acheke hapa benchini tumwone.

"Na toleo la nne?" akauliza Randa. Huyu ni Vitus, fundi seremala. Kete zetu zote kazichonga yeye kwa msonobari.

"Hawatalihudumia tena."

"Kitabu kinahudumiwaje? Kwani ni trekta, kinataka oili?"

"Fundi, ndiyo biashara ya kisasa. Safari hii kuna kitabu cha mchezaji, kitabu cha msimulizi na kitabu cha mazimwi."

"La nne vyote vilikuwa kitabu kimoja," nikasema.

"Ndiyo maana nasema wameboresha."

Nilimeza kahawa kwa hasira nikaungua ulimi. "Wameboresha nini? La pili walituambia la kwanza lina makosa. La tatu wakasema la pili lilikuwa zito. La nne wakasema turudi kama la kwanza. Miti inakatwa hapa hapa tunaiona, inashuka kiwandani Mgololo inakuwa karatasi, halafu inaturudia ina jalada la dhahabu tunaambiwa tuwahi."

"La dhahabu lipo kweli," Mzigo Mpya akasema. Kejeli ilimpita pembeni. "Na jeusi lipo. Ndani ni yale yale, ila mwenye la dhahabu anajisikia. Ukiagiza mapema kabla hakijachapwa unapewa na kofia."

"Yaani tununue kitabu ambacho hakijaandikwa?"

"Kimeandikwa nusu. Hiyo nusu nyingine wanaomba maoni yenu."

Mzee Liberatus akakohoa. Tunamwita Kifungu, kwa kuwa aliwahi kukaa baraza la kata na moyoni hajalitoka mpaka leo. Yeye ndiye msimulizi wetu. "Acha majalada. Soma waliyoyafuta."

Mzigo Mpya akapekua simu. "Wamefuta uzito wa mizigo. Wamefuta njaa."

"Njaa imefutwa?" Bi Birika, muuza kahawa wetu, akashusha birika. Jina lake ni Mwanakhamisi. "Hao watu wanaishi wapi, nihamie?"

"Na wamefuta mhunzi."

Sote tukamgeukia Randa. Mhunzi alikuwa mtu wa Randa, anaitwa Fuawe, mwenye jicho moja. Lile jingine aling'olewa na zimwi kwenye mashamba ya mpunga ya Chimala, maana Kifungu husimulia nchi yote ya ukungu kama inaanzia Mafinga na kuishia Mbarali.

"Hawawezi kumfuta Fuawe," Randa akasema taratibu. "Karakana yangu ilipoungua nilikaa mwaka mzima sina hata benchi la kupigia randa. Fuawe alikuwa na karakana yake. Nilikuwa nakuja hapa, nawasha tanuru lake, nikiondoka najiona bado ni fundi. Hamkujua hilo, ila ndivyo ilivyokuwa."

Iliniuma, na niseme wazi kwamba iliniuma. Lakini Kifungu akishashika sheria hasikii la mtu.

"Pole, Vitus. Sheria mpya ikitoka, ya zamani imekwisha. Siwezi kusimulia mtu ambaye kisheria hayupo."

"Mbadilishe tu," Mzigo Mpya akashauri. "Kuna mfanyabiashara. Mzuri sana huyo."

"Fuawe auze vitenge?"

"Basi afe kwa heshima," akasema Kifungu, na sauti yake ikawa ile ya kusimulia. Mvua imenyesha, mfereji wa Chimala umefurika, mpunga wa kijiji kizima unakwenda na maji. Fuawe anaingia, anauziba mlango wa mfereji kwa mgongo wake.

Randa alikuwa ameshazishika kete. "Nirushe?"

"Usirushe. Hili limeshaamuliwa."

Kwetu, mtu wa hadithi akifa tunamkalia matanga. Kila mmoja anamsemea neno, na kahawa inanywewa bila kashata mpaka matanga yaanuliwe. Bi Birika hupata hasara, lakini msiba ni msiba. Hata yeye alisema lake: "Alikuwa mtu wa kazi, hajawahi kuniomba kikombe cha bure." Kisha Kifungu akamkabidhi kile kitabu cha toleo la nne. "Hiki hakina kazi tena. Utafungia kashata."

Halafu akaja na amri yake nyingine: matanga hayaanuliwi mpaka sheria mpya ifike. Basi ikawa balaa, maana kampuni ikachelewesha. Mara wanarekebisha, mara wamewasikiliza wachezaji, mara kofia zimeisha. Wiki zikapita tunakunywa kahawa kavu kama wagonjwa. Randa alikuwa anakuja, anakaa, anazungusha kete mkononi, anaondoka.

Siku mzigo uliposhushwa kwenye basi, Bi Birika hakungoja tamko. Alianua matanga mwenyewe, akagawa kashata zilizofungwa vizuri kwenye kurasa za toleo la nne. Mzigo Mpya akatoka na la dhahabu aliloagiza Kifungu, na kijitabu chembamba juu yake.

"Habari njema, fundi. Watu wamelalamika, kampuni imesikia. Mhunzi amerudi."

Randa akaacha kutafuna. "Yumo humo?"

"Humo hayumo. Yuko kwenye nyongeza, inauzwa peke yake. Sikiliza walivyomwandika upya." Akafungua. "Mhunzi ni mtu wa moto na subira..."

"Hakimbii vita, ila hawahi kufika," akaendelea Randa, macho kwenye karatasi ya kashata yake. "Chuma alichokifua hakivunjiki mpaka mwenyewe aseme. Endelea, Nadeem, au nikumalizie?"

Tukaikunjua ile karatasi, tukailaza kando ya nyongeza. Neno kwa neno, mpaka koma. Kilichoongezwa ni bei tu.

"Hata hivyo tulishamzika," Kifungu akasema, akilipangusa jalada lake la dhahabu.

"Mlimzika kwa sheria gani, mzee?" Randa akauliza.

"Ya toleo la tano."

"Ambalo limeshuka kwenye basi leo. Siku ile ulikuwa na nini zaidi ya simu ya Nadeem? Umemuua mtu kwa sheria ambayo haijachapwa, tena umenikataza kurusha kete. Kule barazani mlikuwa mnahukumu hivyo?"

Kifungu alilisukuma la dhahabu hadi mwisho wa benchi, akamsogezea Randa kete. "Maji yamekufika kifuani," akasema kwa ile sauti yake. "Rusha."

Randa akarusha. Fuawe akatoka mferejini, amelowa, mzima.

"Sasa nyongeza yangu nani anachukua?" Mzigo Mpya akauliza, kijitabu kikining'inia mkononi.

"Irudishe dukani," Bi Birika akasema. "Hapa nyongeza nauza mimi, na ya kwangu ina kashata ndani."

Mikono ikanyooshwa, huyu anataka ukurasa wa mganga, yule wa mwindaji. Mzigo Mpya akatutazama, akatazama kijitabu chake, akakibana kwapani.

"Bi Birika," akasema, "ukurasa wa mazimwi bado upo?"