Kompyuta ya Fundi Majeneza

Muhidini wa mtaa wa Bakoba hakuwahi kumwibia mtu. Hilo alikuwa tayari kuliapia msikitini au kanisani, popote mteja alipopapenda. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono yao, na wengine wakamshukuru juu ya hayo. Sasa mtu akishukuriwa, kosa lake liko wapi?

Asubuhi moja ya mwaka tisini na nane alikuwa ameegemea kaunta ya duka la Lalit, pale Bukoba mjini, akinywa chai ya bure, alipoingia mzee mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzee alisalimia, akavua kofia, akasema anatafuta kompyuta.

"Si ya kuandikia barua," alifafanua. "Ya kuchezea michezo. Ile ya magari yanayokimbizana na watu wanaopigana. Nimeiona Mwanza, vijana wamejaa mlangoni mpaka barabarani."

Lalit, ambaye babu yake aliuza taa za chemli kwenye kaunta hiyo hiyo, alitikisa kichwa. "Mzee wangu, mimi nauza redio na betri. Kompyuta ya namna hiyo ina mambo. Lazima uchague prosesa, uchague madabodi, uchague memori, na vyote vipatane. Ukikosea kimoja, umenunua kabati."

Muhidini aliweka kikombe chini. Kwa wanaomfahamu, hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Mzee, shikamoo. Naitwa Injinia Muhidini. Mungu hamtupi mja wake. Umeingia duka ambamo mimi nimesimama."

Mzee aliitwa Kagaruki, fundi wa majeneza kutoka Muleba. Miaka ile Kagera, mwenye randa na misumari hakulala njaa. Ugonjwa ulikuwa unabeba vijana kama upepo unavyobeba maganda, na karakana ya Kagaruki haikunyamaza. Wafiwa wasio na fedha walimlipa kwa walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho ni kahawa. Stoo yake ilikuwa imejaa hadi kwenye kenchi.

"Nimechoka, Injinia," alisema Kagaruki walipotoka nje. "Kila anayebisha mlango wangu analia. Nataka nifungue chumba kimoja ambacho mtu ataingia kwa miguu yake na kutoka anacheka."

Maneno hayo yangemgusa mtu yeyote. Yalimgusa hata Muhidini, lakini yaligusa sehemu inayohusika na biashara.

"Basi nisikilize, waitu," alianza, akitumia Kihaya cha heshima kama mtu anayeweka asali kwenye mtego. "Prosesa ndiyo baba wa nyumba; ndiye anayefikiri. Ukichukua mzembe, gari la kwenye mchezo litatembea kama mgonjwa. Memori ni meza ya chakula. Ikiwa ndogo, watoto wanapokezana, na mchezo unakwamakwama. Na madabodi ndiyo nyumba yenyewe, ubao mkubwa ambao wote wanakaa juu yake."

"Na kupatana ni kupi?"

"Baba lazima apite mlangoni. Kuna prosesa za kuchomeka kwa pini, kuna mpya za kusimama kwenye mfereji kama kitabu kwenye rafu. Ukinunua ya mfereji na ubao wa pini, umekwisha."

Uso wa Kagaruki uling'aa. "Ulimi na tundu! Ulimi ukizidi, ubao unapasuka, ukipungua, unacheza."

"Umesema kama profesa," alisema Muhidini, na kwa mara hiyo alikuwa hajadanganya hata neno. Hilo ndilo lililomfanya awe hatari: alijua anachokiuza, tatizo ni kwamba hakuwa anakiuza.

Mpango wake ulikuwa hivi. Wakimbizi wa vita vya Rwanda waliporudishwa kwao na kambi za Ngara zikafungwa, mashirika yalipiga mnada vitu vyao, na Muhidini alijipatia kompyuta moja kuukuu iliyokuwa ikihesabu magunia ya mahindi. Prosesa yake ilikuwa ya zamani sana. Alikusudia kumwonyesha mzee mashine ya kweli, ikimbie mbele ya macho yake, kisha wakati wa kufungasha aiache ile ya mahindi. Na mashine ya kweli angeiuza tena kwa mwingine, na kwa mwingine baada yake.

Kwa malipo, walikubaliana kahawa. Hapo palikuwa na tatizo, kwa sababu njiani kulikuwa na kizuizi cha kukamata kahawa ya magendo inayoelekea Uganda, ambako bei ilikuwa tamu zaidi. Muhidini alifikiri kidogo, akatabasamu.

"Mzee, askari hafungui jeneza."

Kagaruki alimpima kwa macho, toka utosini hadi miguuni. "Injinia," alisema polepole, "una kichwa."

Ili kupata chambo, Muhidini aliuza pikipiki yake, kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha mtu mwingine. Alipanda basi hadi Kampala na kuchagua kama bwana harusi: prosesa ya Pentiamu Mbili ya mfereji, ubao unaolingana nayo, na vipande viwili vya memori, kwa sababu muuzaji alimwambia kimoja hakitoshi kwa michezo mipya, na ilikuwa kweli. Alivibeba mapajani hadi mpakani Mutukula kama mtoto mchanga, na alipofika Bukoba akaviunganisha kuwa kompyuta nzima.

Siku ya maonyesho alikodi pikapu kwenda Muleba. Maboksi yalikuwa mawili, yanafanana kama pacha. La kweli lilishushwa. La mahindi lilibaki garini chini ya turubai.

Karakana ilisimama. Mafundi waliweka misumeno chini. Jenereta liliunguruma, kioo kikawaka, na humo akatokea askari mwenye bunduki akikimbia kwenye korido. Akatokea zimwi. Zimwi likampiga askari, akaanguka.

"Amekufa?" aliuliza Kagaruki.

"Amekufa."

"Halafu?"

"Halafu unabonyeza hapa." Muhidini alibonyeza. Askari alisimama pale mlangoni alipoanzia, mzima, na bunduki yake.

Hakuna aliyecheka. Kagaruki aliinama karibu na kioo. "Rudia," alisema. Askari akafa, akafufuka. "Rudia." Mzee alipiga chafya, akafuta macho, akasingizia vumbi la mbao. Muhidini alitazama pembeni. Naye alikuwa amezika kaka mwaka uliopita.

Lakini biashara ni biashara. "Sasa mzee, niifungashe vizuri isiingie vumbi…"

"Kwanza ule," alisema Kagaruki. "Joviana! Mgeni!"

Joviana, mke wa Kagaruki, alikuwa mwanamke ambaye mgeni hashibi mbele yake mpaka yeye aamue. Alileta ndizi na maharage. Alileta samaki. Muhidini aliposema ameshiba, alileta senene wa kukaanga, akamuuliza kama watu wa Bakoba wanadharau chakula cha Muleba. Huko nje nyundo zililia muda wote. Muhidini hakujali, kwani katika karakana nyundo haziachi kulia.

Alipofanikiwa kutoka, alikuta kompyuta imejengewa kabati la mbao ngumu za muvule, misumari imezama pande zote, na kabati lenyewe limepigiliwa kwenye meza. Kilichobaki wazi ni kioo na vitufe.

"Wezi ni wengi siku hizi," alieleza Kagaruki.

Chambo kimeliwa pamoja na ndoana. Muhidini akapiga hesabu kichwani: kahawa ya jeneza zima, kwa bei ya ng'ambo, ilikuwa bado faida. Alikunjua uso. "Umefanya vyema, mzee."

Jeneza lilikuwa tayari, nalo la muvule, limepigwa vanishi. Kagaruki alifunua kifuniko. Muhidini, ambaye si mjinga, alizamisha mkono hadi kifundo, akanusa, akatafuna punje. Kahawa safi, iliyokobolewa. Kifuniko kikapigiliwa.

Safari ilianza vizuri na kuharibika mapema. Bibi mmoja aliyekuwa akitembea kando ya barabara aliona jeneza, akasimamisha gari, akapanda bila kuuliza, akaanza kulia. Alilia kwa ufundi. Kisha akanyamaza ghafla.

"Nani amefariki, mwanangu?"

"Shangazi."

"Jina lake?"

"Mwamvita," alisema Muhidini, maana ndilo lililokuja.

"Ameacha watoto?"

Kufikia kizuizini, marehemu Mwamvita alikuwa na watoto, deni la shamba, na mume mlevi aliyemtesa. Bibi alikuwa amemchukia mume huyo kabisa. Askari walivua kofia. Mmoja alimshika Muhidini mkono, akasema yeye pia amezika wiki ile, na Muhidini akajikuta analia machozi ya kweli, ya uchovu na ya kaka yake. Hakuna aliyegusa kifuniko.

Mnunuzi wake wa magendo, Shaban, alikuwa akingoja kijijini Izimbya, kwenye nyumba iliyofichwa na migomba. Waliingiza jeneza stoo, wakang'oa misumari. Kahawa ilikuwa nzuri. Shaban alichota, akachota tena, na mara ya tatu beseni likatoka na makapi. Chini ya makapi kulikuwa na maranda ya mbao, na chini ya maranda vipande vya magogo, vimepangwa vizuri sana, kwa ajili ya uzito.

Shaban alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kesho yake Muhidini alifika Muleba anatoa moshi masikioni. Alimkuta Kagaruki akipiga randa, na chumba cha pili kimejaa vijana wanaopiga kelele.

"Umeniibia!"

"Karibu, Injinia. Watu huniambia marehemu alikuwa mfupi, ili mbao ziwe chache. Nimezoea, nikiambiwa urefu, naenda kupima mwenyewe. Ulipokuwa unakula nilikwenda kupima gari lako. Nikakuta boksi la pili, na kompyuta ndani yake yenye kiota cha panya. Nikajiuliza, kijana huyu mwenye kichwa ameleta mbili za nini?" Alipuliza maranda kwenye ubao. "Mimi ni mtu wa vipimo. Ulipima juu ukaficha chini, nami nikapima hivyo hivyo."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda. Uwaambie ulikuwa unavusha nini, ndani ya nini. Na uwape pole za shangazi yako, habari za msiba wake zimefika huku kabla yako."

Muhidini alirudi Izimbya kwa sababu Shaban alikataa kulala usiku wa pili nyumba moja na jeneza. Walilitoa, wakaliweka kando ya njia, naye akakaa juu yake, hana pikipiki, hana mashine ya maana, hana kahawa.

Hapo ndipo alipopita mama mmoja wa kijijini, Verdiana, macho mekundu. Mdogo wake alikuwa amefariki alfajiri. Alilizunguka jeneza, akaligonga kwa kidole.

"Hili ni la mtu?"

"La kwangu, mama. Nauza."

"Mbao gani?"

Ulimi wa Muhidini ulijiweka tayari kwa mazoea, ukatafuta cha kuongeza, haukukipata. "Muvule," alisema.

"Muvule kweli, au umepaka rangi?"

"Muvule mtupu, mama."

"Unaniapia?"

"Naapa."

Verdiana alimtazama usoni, akakunja midomo. "Macho yako hayaniambii hivyo."

Muhidini alikwangua vanishi kwa ufunguo. Alimwonyesha nyuzi za mbao. Aligeuza jeneza juu chini, akagonga kila pembe, akamwita Shaban aje ashuhudie, na Shaban naye hakuaminika. Alitoa bei ya chini, mama akazidi kutia shaka. Kitu kizuri kinauzwaje rahisi? Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba, Muhidini yuko magoti chini, jasho linamtiririka, anamsihi kwa jina la mama yake mzazi, ndipo Verdiana alipokubali kwa shingo upande. Uongo haukuwahi kumchosha namna hiyo.