Yah: Shemeji Yangu Masolwa Kuizuilia Dunia Nikeli

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka kwetu, nje kidogo ya Ziba, wilayani Igunga. Naomba nafasi gazetini mwako ili barua hii imfikie mtu nisiyemjua jina wala nchi. Ni yule anayesubiri gari lake la umeme. Tumemchelewesha, na aliyemchelewesha hasa ni Masolwa, kaka wa marehemu mume wangu.

Ndugu Msubiri Gari,

Mimi ni Agnetha Kabula, mjane, mkulima wa alizeti na pamba. Pole kwa kusubiri. Habari zako nilizipata kwa binti mmoja mstaarabu aitwaye Najiat, afisa mahusiano wa kampuni iliyokuja kuchoronga miamba yetu, yaani kuitoboa, kutafuta madini ya nikeli. Katika mkutano wa kijiji alitueleza kwamba dunia ina uhaba mkubwa, betri hazitoshi, na bila nikeli hewa ya ulimwengu itaharibika. Akatuonyesha gari lako kwenye simu: jeupe, halina hata bomba la moshi. Wanawake tulipiga vigelegele. Hatukujua kwamba huko nako kuna watu wenye dhiki.

Kwa masikitiko, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Ng'ombe wetu ni wabinafsi. Mtambo wa kuchoronga hauendi bila maji, na maji yetu ni ya lambo, lile ambalo baba mkwe wangu na wenzake walilichimba kwa majembe ili mifugo ivuke kiangazi. Boza la kampuni, lori la kubeba maji, likawa linakuja kunyonya asubuhi na jioni. Ng'ombe, ambao nadhani hawakuelewa mkutano, wakaendelea kunywa maji hayohayo kana kwamba hawajasikia habari za uhaba wako. Lambo lilipobaki tope, ng'ombe wa maziwa wa Masolwa aliingia kufuata kidimbwi kilichokuwa katikati, akanasa hadi tumboni. Tulimvuta kwa kamba, waliotoka misani na waliotoka mnadani, mpaka viganja vikachubuka. Alikufa amesimama, macho yakitutazama. Masolwa aliketi ukingoni. Hata kufa kwa ng'ombe huyo kulikuwa na usumbufu, maana ilibidi boza lisubiri tuondoe kamba.

2. Boza ni la dizeli. Moshi wake siulalamikii. Linatoa moshi mweusi kwetu ili gari lako lisitoe wowote kwako, na huo ni mgawanyo wa haki, kwa kuwa sisi tuna nafasi kubwa ya kuuweka. Nawalalamikia wajukuu zangu, wanaokohoa kwa sauti kubwa kana kwamba kuna aliyewauliza.

3. Sasa nije kwa mkosaji mwenyewe. Ng'ombe alipokwisha kuzikwa, Masolwa aliwafunga maksai wake kwenye mkokoteni, akaenda nao lamboni, akauegesha mkokoteni katikati ya njia. Akawafungua maksai wakajiendee malishoni, yeye akapanda juu akajilaza, kofia usoni. Tulimfuata tukijua kuna jambo. Punde boza likafika likipiga honi. Dereva wake anaitwa Raymundi, kijana wa Tabora mjini.

"Mzee, toa mkokoteni, tuna kazi!"

Masolwa hakufunua kofia. "Siku hizi watoto hawaamkii?"

Raymundi akazima gari, akashuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Vizuri. Sasa geuza urudi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nakufikiria wewe.

Raymundi alipiga simu, Najiat akaja. Alimwamkia mzee vizuri kabisa, kwa kupiga goti, akamsihi. "Babu, dunia nzima inasubiri."

"Dunia nzima ina visima vyake," Masolwa akasema. "Mimi nina hili tope."

Binti aliligeukia lambo, akalitazama kitambo. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona kwa macho yake. Siku zote alikuwa analieleza tu. "Mimi nimetumwa, babu," akasema polepole.

"Aliyekutuma mwambie aje. Tutamkaribisha maji ya kunywa, kama yatabaki."

Jioni ile ilikuja pikapu ya polisi ikamchukua Masolwa kwa kosa la kuzuia shughuli halali ya mradi. Alikataa kubebwa, alipanda mwenyewe, akaomba kofia yake. Nilimpelekea uji kituoni. Walipomwachia kwa dhamana, alitoka miguu imevimba, akashika ukuta ili asimame, mtu huyohuyo aliyembeba mume wangu mgongoni hadi zahanati alipougua. Njia nzima ya kurudi hakulalamika. Aliuliza tu kama maksai walirudi zizini. Unaona mwenyewe tunavyoishi na mtu asiyeijali dunia.

4. Hata wafu wetu hawana ushirikiano. Mwamba wanaoutaka unapita chini ya kaburi la mume wangu. Najiat aliponiuliza, kwa adabu, kama marehemu anaweza kuhamishwa, nilimwahidi nitamuuliza. Hadi leo hajajibu.

5. Wazee wa wazee wetu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na aliyezipokea pwani aliiona miguu iliyozileta. Alijua zina uzito gani kwa kumtazama aliyezitua. Wewe nikeli yako itakufikia imekwisha kuwa gari, na hutaona mguu wa mtu yeyote. Hili ni kosa letu. Tungejitahidi kuonekana.

Kwa hiyo, kwa kuwa imethibitika kwamba kizuizi cha nikeli ni sisi, naomba uhamishe kijiji chote kije nyumbani kwako. Ng'ombe watakunywa kwenye bomba lako, na watazoea. Wajukuu watakohoa upande wako, ambako naambiwa hewa ni nzuri. Mume wangu tutakuja naye, akishajibu. Masolwa atalala palepale unapoegesha gari; hana makuu, mradi ukipita umwamkie. Hapo mwamba wote utabaki mtupu, na nikeli itatoka bila mtu wa kuihitaji ardhi iliyo juu yake.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Kwetu wanakusalimu, isipokuwa Masolwa, ambaye anasema umwanzie wewe.

Mimi niliyekuchelewesha,
Agnetha Kabula

Nyongeza: Kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha, Najiat amenipigia simu kuniaga. Alikuwa analia kidogo. Kazi yake imekwisha. Anasema bei ya nikeli imeporomoka huko duniani. Imepatikana tele kwingine, maghala yamejaa, na hii ya kwetu haina faida kuichimba. Mtambo umeshaondoka. Kumbe hukuwa umepungukiwa. Basi naomba ufute yote niliyoandika hapo juu: ng'ombe hawakukosa, wajukuu hawakukosa, marehemu aendelee kupumzika, na Masolwa hakukuchelewesha hata siku moja.

Shida ni kwamba mahakama haifuati bei za dunia. Mradi haupo, lakini kesi ya Masolwa ya kuuzuia bado ipo, na itasikilizwa Jumatatu. Kama gari lako limeshafika, tafadhali lipande uje utoe ushahidi.

Maji ya kunywa uje nayo.