Magnolia na Daraja la Georgia

Jumatatu, 3 Juni

Verbena Stokes ana leseni! Jana baada ya ibada, sahani zimejaa kuku wa kukaanga, kasimama na kutangaza. Eti kwao Georgia sheria imelegezwa, maziwa mabichi, yasiyochemshwa, ya kunywewa na watu yanauzwa hadharani, na yake ya mbuzi yanagombaniwa sokoni kila Jumamosi. Ya mbuzi! Yananuka kama kofia ya marehemu mume wangu. Halafu akanipa pole kwa kuishi Alabama. Pole!

Kati yangu na yeye ni daraja la mpakani tu. Kwake halali, kwangu kosa. Wakati wa Pasaka nilimuuzia Shemasi Thurmond jagi moja, mkaguzi wa jimbo akanifuata mpaka uani na viatu vyake vya kung'aa. Mwanangu Lamarcus akaapa: serikali ikikanyaga ua huu tena, Magnolia anakwenda mnadani na mimi nahamia kwake Birmingham, ghorofani, pasipo hata jani la kuchuma.

Magnolia ndiye ng'ombe wangu pekee. Nimemlea kwa chupa tangu mama yake afe. Akiondoka, asubuhi nitaamka nimkamue nani? Lamarcus?

Basi sitauza Alabama. Nitayavusha maziwa.

Jumanne, 4 Juni

Shemasi kaja kunivunja moyo. Alikuwa mpeleka barua, anasoma magazeti mpaka matangazo ya vifo. Anasema jimbo lina sheria zake na Washington, serikali kuu, ina zake, na kitu kikivuka mpaka wa jimbo kinakuwa cha Washington. Maziwa mabichi ya kunywewa na watu hayavuki, kwisha. Nikamuuliza kati yao nani mkubwa. Washington, akasema. Nikamwambia huyo Washington hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe maishani mwake. Shemasi akaona haya, akatafuta fimbo yake.

Lakini mlangoni akaropoka kwamba maziwa ya kulisha paka hayakatazwi kuvuka. Asante, Shemasi!

Kuandika kwangu ni kwa jasho, shule niliiacha nikachume pamba. Kwa hiyo nimechora. Paka mmoja kila jagi.

Jumamosi, 8 Juni

Meza yangu niliiweka sokoni kwao Georgia, ikitazamana na ya Verbena. Makusudi. Mambo yakaanza vizuri. Sikujua watu wa Georgia wanafuga paka wengi hivyo!

Kisha akatokea mkaguzi wa kwao, kijana mpole wa miwani. Akauliza mbona majagi yana nguruwe. Nguruwe! Nikamwambia huyo ni paka, na yeye abadilishe miwani. Akasema hata chakula cha paka kina leseni yake. Nikaanza kutafuta machozi, maana nikitaka kulia nalia vizuri. Hapo hapo mke wa Shemasi akafungua jagi, akapiga mafunda, akajifuta mdomo, akapaza sauti kwamba Ozella, haya ndiyo maziwa!

Mkaguzi akanitazama. Nikasema anamwonjea paka wake, paka mwenyewe mzee, tumbo bovu.

Verbena akacheka mpaka kofia ikatumbukia kwenye ndoo. Akaniuliza watu wote wasikie, Dada Ozella, hao paka wako huwa wanaomba na mkate wa mahindi?

Nikaamriwa nimwage yote mtaroni. Lakini hakuna aliyekanyaga uani, na Lamarcus hajui. Huo ni ushindi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata! Maziwa hayavuki? Sawa. Yavuke yakiwa bado ndani! Magnolia atatembea kwa miguu yake, nitamkamua ng'ambo, yatakuwa maziwa ya Georgia halisi. Hao mawakili wanasomea nini miaka yote ile? Kesho alfajiri.

Jumanne, 11 Juni

Katikati ya daraja, penye kibao cha kukaribisha watu Georgia, Magnolia akauona mto chini. Akagoma. Nikasukuma. Nikabembeleza. Nikatukana. Magari yakapanga foleni pande zote mbili.

Polisi wa Alabama akaja, akasema kichwa kiko Georgia, hiyo ni kazi ya Georgia. Polisi wa Georgia akaja, akasema kiwele kiko Alabama. Wakabishana juu ya mgongo wa ng'ombe wangu kama wanawake wanaogombea mume asiyefaa. Mwisho wakapiga simu kwa wakubwa. Jibu? Ng'ombe wa maziwa havuki jimbo mpaka apimwe mafua ya ndege.

Ya ndege! Amri mpya ya Washington. Nikawauliza huyu ana mabawa? Anadonoa? Na kuku wangu je, niwapeleke wakapimwe kwato? Polisi wa Georgia akasema, mama, hata mimi sielewi, nasoma tu kilichoandikwa kwenye simu.

Jua likapanda. Kiwele kikajaa, Magnolia akaanza kulia. Nikageuza ndoo ya akiba, nikaikalia, nikamkamua palepale. Verbena akashuka garini. Nikajua kaja kucheka. Badala yake akamshika Magnolia shingo, akamwimbia wimbo wa kwaya mpaka akatulia, akakubali kugeuka. Sitamsamehe.

Na mwisho wa daraja nani kasimama na tai yake? Lamarcus. Mtu alitupiga picha, Birmingham nzima imeona.

Ijumaa, 14 Juni

Kesi, mezani kwangu. Nimejitetea mwenyewe: serikali haikukanyaga ua huu, ni mimi niliyekwenda kuikanyaga. Lamarcus akasema, Mama, ungekuwa wakili wangekufunga pamoja na mteja wako. Mnada ni kesho.

Sikutafuta machozi. Yalikuja yenyewe.

Verbena, aliyekuwa ameleta pai ili apate kusikiliza, akaweka uma chini. Akasema zizini kwake pana nafasi. Magnolia apimwe, avushwe kwa cheti, mimi niwe nakwenda kumkamua kila asubuhi. Lakini leseni ni yake, kwa hiyo maziwa yatauzwa kwa jina la Verbena.

Jina la Verbena! Nikasema afadhali mnada. Kisha Magnolia akaingiza kichwa dirishani.

Nimekubali. Sharti langu, mbuzi wasilale karibu naye.

Jumapili, 30 Juni

Mpimaji wa serikali alikuja, akaukanyaga ua wote, Lamarcus akajifanya anatazama mawingu. Magnolia hana mafua ya ndege wala ya bata. Kavuka kwa lori kama malkia. Verbena anasema nakamua vizuri kwa mtu wa Alabama.

Leo nimeapa mbele ya Lamarcus, mkono juu ya Biblia: sitavusha tena maziwa kwenda Georgia. Na kweli sitavusha. Maziwa si yako Georgia tayari?

Ila Shemasi huku ana kiu, na nusu ya kanisa pamoja naye. Kuhusu kuyarudisha Alabama hakuna aliyeniapisha.

Majagi nimeyaosha, yamekauka. Paka nimeshamchora. Safari hii nimemwekea sharubu.