Miwaridi Miwili na Pua Iliyoziba

Jumatatu, 10 Juni
Nimemkuta mke wangu kwenye uzio wa jirani, macho kayafumba, ananusa. Jirani ni meneja mstaafu wa benki. Hana kazi ila mawaridi. Mke wangu akasema bustani ya Meneja inanukia hadi jikoni kwetu. Nikamuuliza yetu je. Akasema yetu nayo ina harufu, hasa pale penye ndoo ya taka. Dharau! Na Jumamosi mama mkwe anakuja. Nimeazimia: mwaridi wa kichaka mlangoni, wa kutambaa uzioni. Meneja atanitambua.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kwenye kitalu cha miche. Mafua yamenibana, lakini mwanamume hamwambii muuzaji kwamba pua haifanyi kazi. Mama muuzaji akaniinamishia kichaka chenye vijiua vya rangi ya waridi hafifu, vimejikunyata kama vitambaa visivyopigwa pasi. Akaniambia ninuse. Nikanusa kwa madaha, nikatikisa kichwa kama mjuzi. Sikusikia kitu. Nikajua anataka kunibambikia masalio. Nikachagua mwekundu, maua makubwa kama sahani. Akasema huo ni wa kutazama tu. Nikamwambia macho ninayo. Wa kutambaa nikauchukua papo hapo. Ulikuwa mrefu kuliko yote, umejaa vitumba.

Jumatano, 12 Juni
Nimepanda. Miiba imenichana kama niliyepigana na paka. Mke wangu akazamisha pua kwenye ua, akakaa humo kitambo, akatoka na kuuliza kama ni la plastiki. Meneja akachungulia, akasifu rangi. Rangi tu! Tusi la kistaarabu.

Alhamisi, 13 Juni
Akili ni nywele. Mke wangu alipokwenda kazini nilichukua marashi yake, yale ya kuvaa kwenye sherehe, nikanyunyizia kichaka. Kwa kuwa sisikii harufu, nikaongeza. Nikaongeza tena, kwa usalama. Mchana majani yakakauka, petali zikajikunja kama chipsi. Mke wangu aliporudi alianza kupiga chafya tangu barabarani. Kisha akaiona chupa. Nimelala sebuleni.

Ijumaa, 14 Juni
Mwaridi wa kutambaa umechanua! Nimekimbia nje na kandambili za mke wangu. Upande wetu: vijiti na miiba. Maua yote yamepenya uzio kufuata jua, yako kwa Meneja. Amenishukuru. Akasema ujirani ni mali. Nikatabasamu hadi taya likauma.

Jumamosi, 15 Juni
Mama mkwe amefika. Pale mlangoni, kwenye kichaka, akaziba pua kwa mtandio na kuniuliza kwa upole, “Baba, marashi yote haya, humu ndani kuna mgonjwa?” Meneja akamkaribisha chai upande wake. Akaenda. Mke wangu akaenda. Wakakaa chini ya mawaridi yangu, wakayasifu, wakamsifu Meneja. Nikaitwa mara kadhaa. Nikakataa kwa heshima zangu zote. Chai ilionekana nzuri.

Jumapili, 16 Juni
Mafua yameondoka. Nimeamka na harufu ambayo sijui niieleze vipi: tamu, nzito kidogo, kama asali iliyopita karibu na ndimu. Kwenye glasi mezani palikuwa na vijiua vya rangi ya waridi hafifu, vimejikunyata. Mke wangu akasema ni vya Meneja, na kwamba amekubali kunikatia kijiti nipande, bure, niombe tu.

Niombe! Mimi!

Nimetafakari siku nzima na kosa nimeliona. Mke wangu alisogea karibu mno. Ua jekundu halinuswi. Linatazamwa kwa mbali. Jioni nimerudi kitaluni, nikachukua vichaka vingine viwili, vilevile vyekundu. Mama muuzaji akaniuliza kama safari hii nitanusa kwanza. Nikamwambia hakuna haja, pua yangu imeshapona.