Ombi la Kutangaziwa Mshindi Kabla ya Kura

Kwa Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi wa Jimbo,

YAH: KICHWA CHA HAPO JUU, PAMOJA NA AMANI YA DUKA LA UDOBI

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kutafakari kwa kina, napenda kukutaarifu rasmi kwamba tangu Jumatatu iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, pasi mbili za duka letu hazikai tena kwenye meza moja.

Najua una mambo mengi. Najua masanduku hayajafika, wino haujafika, na nasikia hata wewe mwenyewe ofisini hufiki mapema. Lakini nchi ni watu, watu ni nguo, na nguo za mtaa huu zote zinapita mikononi mwangu na mwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nimepiga naye pasi miaka kumi na tisa bila kugombana ila mara moja tu, kwa sababu ya wanga wa kukazia nguo. Na hata hiyo mara moja, haki ilikuwa yake.

Mimi ni dobi wa makamo, mwenye kitambi cha wastani na elimu ya kutosha kusoma lebo za nguo. Siandiki kwa kupenda makuu. Naandika kwa sababu wewe peke yako ndiye mwenye jibu la swali linalotuvunjia duka, yaani: nani atachukua kiti cha jimbo? Wagombea ni wawili. Yuko Bwana Tochi, muuza vifaa vya ujenzi, aliyepata jina hilo kwa kutembea mchana kweupe na tochi inayowaka, akidai anatafuta barabara tulizoahidiwa. Na yuko Mama Mizani, aliyekuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Hadi leo wauza nyama wakimwona kwa mbali huondoa kidole kwenye sahani. Wote wawili ni wateja wetu. Kura ni wiki tatu zijazo, na mimi wiki tatu sina. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Benchi. Mbele ya duka tuna benchi, tulilolitengeneza ili mtu akae akisubiri suruali yake. Siku hizi mtu anakuja na suruali aliyoivaa, hana hata leso ya kufua, na anakaa hadi jua linageuka. Mbaya zaidi wamegundua kamba ya kuanikia. Nguo za wagombea zikianikwa, benchi zima linageuka kuzisoma kama gazeti. Wiki mbili zilizopita gauni la Mama Mizani lilikuja na tope jekundu kwenye pindo. Fundi Viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka letu, na ambaye hajagusa sindano tangu kampeni zianze, alisimama akatangaza, "Mama kashinda! Tope hilo ni la vijiji vya juu, kule gari halifiki. Ukitaka kujua kura za mtu, mtazame pindo." Nesi, mama mstaafu aliyewachoma sindano watoto wetu wote na ambaye kwa hiyo hakuna anayethubutu kumbishia, akamjibu, "Ndiyo maana wewe ukiumwa kichwa unapeleka ndala hospitali." Wakapiga kura ya majaribio hapohapo. Watu sita, kura kumi na moja. Takwimu hizo nakuletea bure, zikusaidie kujiandaa.

2. Maji. Mzee mmoja mwenye wajukuu ameniomba shuka zake zisifuliwe kwenye maji mamoja na za jirani yake, kwa kuwa jirani ni mtu wa Mizani. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba povu halina chama. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Hivyo ndivyo mnavyoanza." Sijui tunaanza nini. Nikazifua zenyewe tu. Jirani alipopata habari akataka zake zifuliwe mwanzo, maji yakiwa mapya.

3. Nyumbani. Mke wangu ametangaza kwamba katika ugomvi wetu hana upande: kaka ni kaka, mume ni mume. Kisha akahamishia mto wangu sebuleni. Nilipouliza kama huo si upande, alisema hapana, huo ni mto.

4. Shati kubwa. Hapa ndipo penyewe, ndugu Msimamizi, naomba uvae miwani.

Jumapili iliyopita Bwana Tochi alipanda jukwaani kwenye uwanja wa mpira akiwa amevaa shati la kaka yake. Huyo kaka ni mtu wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Mabega ya shati yalimfika Tochi karibu na viwiko, na kila aliposhusha mkono, tochi yake ilizama ndani ya mkono wa shati ikawa inawaka humohumo. Alizungumza saa nzima juu ya barabara. Hakuna aliyesikia neno. Watu walikuwa wanatazama ile taa ikipanda na kushuka ndani ya kitambaa.

Jumatatu saa mbili benchi lilikuwa limefurika. "Kakonda, hamkuona?" alisema Fundi Viatu. "Mtu hakondi hivyo kwa wiki moja ila awe ameshaziona namba." Mwingine akasema kauza nguo zake apate vipaza sauti. Nesi alisema huenda ni unyenyekevu, wakamcheka, ingawa kwa adabu. Hata watu wa Tochi mwenyewe wakaanza kujisogeza kuelekea upande wa pili wa benchi, kidogo kidogo, kwa makalio, bila kusimama.

Kisha wakanigeukia mimi, mtaalamu. "Dobi, wewe ndiye unayemfulia. Kaisha au hajaisha?"

Nami, badala ya kunyamaza kama kazi yetu inavyotaka, nikasema, "Nguo haidanganyi, jamani. Huyo kaisha."

Shemeji akaweka pasi chini. Shemeji ni mtu wa Tochi tangu Tochi alipokuwa na tochi ndogo. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Alisema tu, "Shemeji, siri ya mteja ni kama nguo yake ya ndani. Huianiki barabarani." Akachukua pasi yake, blanketi lake na kopo lake la maji. Alipofika kwenye kona ya chumba akaongeza, "Mimi na wewe tutazungumza siku mshindi akitangazwa."

5. Kiti. Nasema kiti cha mbao, si kile cha jimbo. Tangu siku hiyo shemeji anapiga pasi juu ya kiti, amenipa mgongo, katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kiti hakitoshi shati. Wateja wanaondoka na mkono mmoja ulionyooka kama rula na mwingine kama umelaliwa na ng'ombe. Akitaka wanga, anamtuma mteja: "Mwambie mwenye duka anisaidie wanga." Mwenye duka! Nami niko hatua mbili, nausikia mpaka ule mkwaruzo wa koo lake. Nikimpelekea wanga mwenyewe, anamshukuru mteja.

Jana Nesi ameniambia jambo ambalo limenifanya nichukue kalamu. Shemeji amekwenda kuulizia chumba mtaa wa stendi. Anataka kuhamia huko Jumamosi, na pasi yake.

Jumamosi, ndugu Msimamizi. Na kura ni wiki tatu.

Kwa sababu hizo naomba mshindi atangazwe mapema, ikiwezekana Alhamisi kabla ya adhuhuri, ili alasiri mimi na shemeji tuanze kuzungumza. Usihofu kwamba utakuwa umewanyima wananchi haki yao. Mtaani kwetu kila mtu anajua tayari nani ameshinda; wanatofautiana jina tu. Utaokoa wino, utaokoa karatasi, na wale vijana wako wa kulinda masanduku watalala kwao.

Ikiwa sheria inakataza, basi tutangazie sisi wawili peke yetu, kwa barua yenye muhuri. Tunaapa hatutamwambia mtu yeyote isipokuwa benchi. Ikiwa hilo nalo ni zito, watangaze wote wawili: Mama Mizani akikalie kiti mchana, na Bwana Tochi usiku, kwa kuwa yeye ana vifaa. Na kama hata hilo litakushinda, kifute kiti chenyewe. Mheshimiwa aliyekikalia miaka mitano hii hatujawahi kumfulia hata soksi, kwa sababu tangu tumchague hajarudi, na jimbo liko palepale tulipoliacha.

Nisalimie maofisa wako wote, wahesabu kura, wahesabu upya, na yule dada wa mapokezi aliyeniambia malalamiko ya dobi yapelekwe kwa afya ya jamii. Mwambie sina kinyongo. Shemeji naye angewasalimu, ila hajui kama nawaandikia.

Ni mimi, mpiga pasi na mpiga kura wako,
Dobi wa Nyuma ya Posta

Baada ya sahihi:

Mke wangu ameisoma barua hii hadi hapo juu, kisha akauliza swali moja tu: "Na shati lake mwenyewe lilikuwa wapi?" Nimekosa jibu la lugha ya kiofisi. Acha nilitoe kwa lugha ya kawaida.

Nililiunguza. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya jukwaa, shemeji alikuwa amepeleka mashuka nyumba ya wageni, nami nimebaki peke yangu na shati jeupe la Bwana Tochi, lile alilolitaka kwa ajili ya jukwaani. Nje benchi linasema Mama anachukua, hana mpinzani. Uvumilivu ukanishinda, nikatoa kichwa dirishani kumtetea Tochi. Ndiyo, Tochi, mimi na shemeji tumekuwa wa mtu mmoja siku zote. Nilianza kuhesabu sifa zake kwa vidole, na kwa kuwa vidole vilihitajika vyote, pasi niliiacha ilipokuwa. Kwenye sifa ya nne nikasikia harufu.

Mke wa Tochi alipokuja kulichukua nikamwambia halijakauka, na jua lile la kukausha hata kisima. Shati nikalifukia chini kabisa ya kapu la nguo zisizo na wenyewe. Jumatatu, benchi liliponiuliza, nikaona ni rahisi mgombea mzima aanguke kuliko mimi kusema nimeunguza. Kwa hiyo siri ya mteja sikuitoa. Nilitunga, jambo ambalo ni baya zaidi, na shemeji amekuwa akipiga pasi kwenye kiti kwa ajili ya uongo. Ombi la hapo juu nalifuta, pamoja na hoja zake zote.

Kalamu niliiweka hapo, nikaenda kumwambia. Sasa nimerudi.

Alinisikiliza akiwa bado amenipa mgongo. Kisha akauliza, "Mgongoni au kifuani?"

Nikasema mgongoni.

"Shemeji," akasema, "si angevaa koti tu?"

Miaka kumi na tisa nashika pasi, na hilo halikunijia. Hajanisamehe. Amesema kwanza alione mwenyewe, kisha leo hiihii twende kwa Bwana Tochi, na msemaji nitakuwa mimi. Tukirudi nilieleze benchi lote, nikiwa nimesimama, ili anayetaka kunizomea anione vizuri. Nikakubali yote. Nikachimba kapu, nikampa shati. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango. Tundu lina umbo la pasi kamili, hata ncha yake imetoka safi. Akachungulia, na jicho lake moja likanitazama kupitia mgongo wa mheshimiwa mtarajiwa. Ndipo akaanza kucheka. Amecheka mpaka ikabidi ashike ukuta, mpaka Nesi huko nje akapaza sauti kuuliza kama matokeo yameshatoka.