Katamarani ya Chaki

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Tunahamia kwenye mashua. Mke wangu bado hajaambiwa, lakini uamuzi ni wetu sote.

Si mashua hivi hivi. Katamarani: matumbo mawili marefu yanayoelea sambamba, juu yake sebule inayoyaunganisha. Hailali upande, chai haimwagiki. Wapo watu wanaishi humo miaka nenda miaka rudi. Nyumba tutaipangisha, kodi itatulisha huko huko majini. Nimesoma habari zake majuma matatu mpaka macho yanauma.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Tulipooana tulipanga chumba kimoja, hatua nne kwa tatu. Nilikipima mwenyewe, miaka thelathini na mmoja nimeshika tepu ya wapima ardhi, mkono hauwezi kutulia. Mmoja akitaka kuvaa shati, mwenzake anapanda kitandani kumpisha. Tulikuwa tunacheka mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Leo tuna vyumba vinne, watoto wameondoka, mke wangu yuko jikoni na redio yake, mimi sebuleni na gazeti langu. Jana kutwa tumesemeshana mara mbili. Moja ilikuwa habari ya gesi. Nimemkumbuka mke wangu, na anaishi humu humu.

Kwa hiyo nataka nyumba nyembamba.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia. Hakucheka, nikaingiwa na wasiwasi. Aliniuliza kama najua kuogelea. Nikasema mwenye mashua haogelei, ndiyo maana akanunua mashua. Akasema atafikiria. Dalali wa mashua anataka jibu Jumamosi, na nyumba hii ina majina mawili kwenye hati: bila saini yake haipangishwi, na mimi siendi popote.

Mchana akaja shemeji, kaka yake mke wangu. Huyu alifanya kazi miaka kumi na miwili kuinua na kushusha kizuizi cha geti la bandari, tangu hapo anajiita Kapteni. Bila kuulizwa akatoa hotuba. Eti katamarani ni kazi ya wajinga, ukienda kuegesha unatozwa nafasi mbili, mtu mwenye akili hununua tumbo moja. Nikamwambia kwa tumbo lake hilo, hata yeye angetozwa nafasi mbili. Mke wangu akacheka jikoni. Kicheko kifupi, lakini nimekisikia. Nimekiandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda na dalali kwenye uwanja wa mafundi wa mashua. Tumeona tatu.

Ya kwanza mpya, inang'aa. Bei yake dalali aliinong'ona, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Tukapita.

Ya pili ilikuwa ya kukodishia watalii. Kila mlango una kibandiko: usikanyage, usivute, usitupe karatasi. Injini mbili, zote zimechoka. Dalali akasema zimezoea kazi. Hata mimi nimezoea kazi, na magoti yangu hayanunuliki.

Ya tatu imejengwa kwa mbao na daktari wa meno. Kaijenga miaka kumi na mmoja, futi thelathini na sita, halafu akachoka kabla haijagusa maji. Hii ndiyo ya mfuko wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: niliinama, nikagonga kichwa, nikainuka, nikagonga tena. Ndani ya tumbo la kulia kijia ni upana wa mabega. Kunanuka rangi ya zamani na dawa ya nondo. Kile chumba chetu! Harufu ile ile, ya sanduku la nguo za harusi za mke wangu chini ya kitanda. Nikakaa, machozi yakanitoka, sikuyazuia. Dalali akadhani nimeona ukungu ukutani. Akapunguza bei.

Nimepima kila kitu, saa mbili nzima. Daftari limejaa.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu bado anafikiria. Maneno matupu hayavunji mfupa. Nimechukua kamba, chaki na tepu, nikaichora mashua ndani ya nyumba, ukubwa wake halisi.

Kuta zimeleta ukaidi. Tumbo la kushoto limepita ukumbini hadi jikoni. La kulia limekatisha chumba cha wanangu na kuishia stoo. Sebule ya mashua imeangukia sebule yetu, isipokuwa ukuta mmoja ambao nimeupuuza. Sheria ni moja: ndani ya chaki ni mashua, nje ya chaki ni maji. Tutaishi humo mpaka Jumamosi, ajionee mwenyewe.

Amekubali! Mara moja, bila mabishano. Ningejiuliza kwa nini, sikujiuliza.

Akauliza tunalala wapi. Nikafungua daftari nimsomee. Kitanda cha tumbo la kushoto, upana sentimita sabini. Kitanda cha tumbo la kulia, sentimita sabini. Vipimo ninavyo tangu jana. Maana yake imenifikia leo, tepu ikiwa bado mkononi. Kila mtu na tumbo lake, na katikati bahari.

Mke wangu aliniangalia kidogo. Akachukua mto, akachukua redio, akaenda zake kushoto. Mimi nimelazwa stoo, kati ya baiskeli mbovu na mfuko wa saruji ulioganda tangu mwaka juzi.

Ijumaa, 7 Machi

Amelala fofofo. Anasema hajalala hivyo tangu mimba ya kwanza. Asubuhi alikuwa anaimba. Nilimwita sebuleni tunywe chai, akajibu kutoka jikoni kwamba yuko zamu.

Choo kiko tumbo la kushoto. Kila nikitaka kwenda lazima niombe ruhusa ya kuingia upande wake. Mara ya tatu alinijibu kwamba abiria wa kulia wapunguze maji.

Jirani yetu mshonaji alipita kumsalimu, akasimama katikati ya ukumbi, baharini. Mke wangu akamwonya atalowa, akamvuta ndani ya chaki, wakakaa humo hadi adhuhuri. Nilisikia vicheko. Mimi nilikuwa stoo, nalinda nanga, yaani ule mfuko wa saruji.

Halafu Kapteni. Kavuka bahari na viatu vyake bila hata kukunja suruali. Kamtazama dada yake, kanitazama mimi, akatangaza kwamba amebadili mawazo. Katamarani ni chombo cha heshima. Hajamwona dada yake amepumzika vile kwa miaka mingi. Atatusaidia kuhama yeye mwenyewe, Jumapili yuko huru.

Toka stoo hadi jikoni ni hatua kumi na tatu. Nimepima. Sijawahi kuwa mbali na mke wangu kiasi hiki katika nyumba yangu mwenyewe, na mchoro ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu asubuhi amekuja tumbo la kulia kwa mara ya kwanza. Kalamu mkononi. Anatia saini. Anaitaka ile ya daktari wa meno, na kushoto kuwe kwake kabisa kabisa, mapazia atashona.

Nikasema hapana. Akashangaa, nikashangaa zaidi yake. Ndipo nikamwambia yote. Chumba, shati, kitanda, mwenye nyumba na ngumi yake ukutani. Kwamba sitaki bahari, bahari yenyewe naiogopa. Nilitaka mahali ambapo nikinyoosha mkono namgusa. Sauti ilinigeuka katikati. Mtu mzima, mbele ya baiskeli.

Mke wangu akakaa chini, majini.

Akasema chumba kile anakikumbuka sana, na vicheko vile anavikumbuka, na anavipenda mpaka leo. Lakini anakumbuka pia alipofiwa na mama yake hakuwa na mahali pa kulia peke yake. Alikuwa anachukua ndoo anakwenda kupanga foleni bombani, ndoo imejaa tayari, apate kulia huko. Miaka thelathini na sita sikulijua hilo. Nilikuwa nadhani tu maji ya nyumba ile yanaisha upesi.

Nilimwomba msamaha. Akasema hajaleta mashtaka, amenisimulia tu. Na kama ninayemkumbuka ni yeye, ya nini mashua? Jikoni kuna vigoda viwili, kimoja hakijakaliwa tangu binti yetu aolewe. Nije nikae.

Nikaenda. Nikamenya vitunguu, vibaya, akavimenya upya. Tukaongea mpaka mchuzi ukashika chini. Akacheka kile kicheko cha zamani, mkono mdomoni, kana kwamba mwenye nyumba yuko ukutani bado. Nikampigia dalali simu: hatununui. Jioni tumefuta chaki pamoja, yeye tambara, mimi ndoo.

Nimekuwa mtu mwingine. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa hatua kumi na tatu tu. Sitaki tena mashua maisha yangu yote.

Jumatatu, 10 Machi

Dalali kapiga simu alfajiri. Sikutaka kusikiliza. Nimesikiliza kwa adabu tu.

Kumbe ziko za matumbo matatu!

Nimekaa kitako nikaona jinsi mambo yalivyo mepesi. Kushoto yeye, na mapazia yake, alie na acheke apendavyo. Kulia mimi. Na katikati tumbo zima la kukutana, meza moja, viti viwili, tunaongea. Kosa langu halikuwa mashua. Kosa langu lilikuwa hesabu ya matumbo. Na bei yake ni chini kuliko ya daktari wa meno, kwa sababu moja kati ya hayo matatu lina tatizo dogo ambalo dalali atanieleza tukionana.

Haienei katika nyumba yetu. Nimeongea na jirani mshonaji, amenikubalia nichore sebuleni kwake hadi Ijumaa, ila vyerehani visisogezwe. Nitavihesabu kuwa miamba.

Mke wangu ameshaniita jikoni mara mbili. Chai imemiminwa, kigoda kimepanguswa, anasema kuna jambo la zamani amelikumbuka anataka kunisimulia. Nimemjibu asubiri kidogo, napima.